Wingu Ambalo Halikumezwa

Harufu ya gesi ilitufikia kabla ya kengele ya shule: kama njiti za kiberiti zilizowashwa zote pamoja, kisha ladha ya chuma ulimini. Bomba la kiwanda cha kuyeyusha shaba lilikuwa mbali, lakini upepo ukigeuka moshi wake ulishuka juu ya Hewa Bora, mtaa wetu, ambao aliyeupa jina hilo sijui alikuwa akimtania nani. Lengalenga za Mama, mboga alizopanda uani, zilibabuka majani. Tuliloweka vitambaa, tukaziba chini ya mlango, kisha tukaketi kumsikiliza mdogo wangu Ngalula akitafuta pumzi. Yeye alikuwa na miaka saba, mimi kumi na mmoja. Kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta, na daktari alikuwa amewaambia wazazi wamtoe hapa upesi. Shangazi yetu wa Kamina, mji ambao moshi huo haukuufikia, alikubali kumpokea, na Mama alikwisha kupanga nguo zake kwenye begi.

Mimi sikutaka aende. Tulilala kitanda kimoja, nami nilimpenda kwa uchoyo, huo ndio ukweli. Wiki hiyohiyo mwalimu wetu alitusimulia kwamba katikati ya galaksi yetu, kule nyota zinakosongamana, kuna shimo jeusi ambalo hata mwanga ukitumbukia hautoki, na kwamba wataalamu wameona wingu la gesi likilielekea, wanangoja limezwe. Nilirudi nyumbani mbio. Nilimwambia Ngalula kuwa wingu hilo ni gesi yetu hii, na likimezwa tu atapona. Nilijua ni uongo.

"Yaya, shimo itaimeza siku gani?" aliniuliza, akiniita yaya kama kila mdogo kwetu anavyomwita mkubwa wake.

"Iko karibu. Ukienda Kamina, hautaiona."

Siku ya safari alikumbatia mguu wa meza. "Mama, mi siendi! Tungojee kwanza, shimo iko karibu kumeza gaz!" Alilia hadi pumzi ikamkatika, na Baba, akiogopa kumpandisha treni katika hali ile, akasema tusubiri juma lijalo. Alhamisi asubuhi upepo uligeuka, moshi ukashuka, ukakaa. Kila alipopata pumzi Ngalula aliniuliza kama shimo limeanza kula. Nilimjibu limeanza. Alikufa Ijumaa adhuhuri, mkono wake ndani ya wangu.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba wingu lile lilipita karibu kabisa na shimo, likavutwa likarefuka, kisha likatokea upande wa pili na kuendelea na safari yake. Nilisoma pia kwamba mwanga wa huko hutumia zaidi ya miaka elfu ishirini kutufikia, kwa hiyo tulipokuwa tukingoja, mambo yalikuwa yamekwisha zamani. Sasa naishi mtaa wa Karavia, na watoto wangu wanalala bila kukohoa. Baba alishafariki. Mama amebaki peke yake katika nyumba ileile, na siku hizi yeye ndiye anayekohoa. Juzi nilikwenda kumchukua. Nilikuwa nimekwisha kufunga begi lake alipoishika ile meza.

"Mi siendi, mwana. Ngalula alisemaka tungojee."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba maneno yale yalikuwa yangu. Harufu ikaingia.

"Funga kwanza dirisha," akasema.

Nikalifunga.