Furu wa Bibi

Kabla sijapanda meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, Bibi aliniomba kitu kimoja tu: nikirudi nimletee samaki, furu. Nilicheka. Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, kichwa kimevimba kwa majina ya Kilatini, nikamjibu kama najibu swali la mtihani: "Bibi, furu wameisha. Sangara amewamaliza." Hakubishana nami. Alitia ugoro puani, akapiga chafya, akasema kwao Ukerewe furu hawaishi, labda watu ndio wameacha kuwatafuta.

Nyumbani hakuna aliyewahi kuelewa ninasomea nini. Nilikwenda Dar es Salaam kusomea viumbe wa baharini, na zamu ya utafiti ilipofika tukaambiwa chombo cha kutupeleka baharini hakina mafuta, kila mtu atafute maji ya karibu na kwao. Basi msomi wa bahari akarudishwa ziwani. Nilifikia Mirongo, mtaa wa mjini ng'ambo ya Ukerewe, kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiishi na Bibi. Mama mkubwa alipenda kuniuliza mbele ya wageni, "Hivi samaki nao wanasomewa?" Ilikuwa miaka ya soko huria. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wa ziwani tulinunua mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki kiwandani, tukakaanga na kushukuru. Bibi hakuyagusa. Alisema hali samaki aliyekwisha kuliwa na mtu mwingine.

Huko Ukerewe nilikaa wiki tatu, nikitega wavu wa macho madogo kwenye miamba. Furu ni samaki wadogo, mkubwa wao hazidi kiganja, na utotoni mwa Bibi watu waliwachota kwa kikapu. Mimi nilipata arobaini na mmoja. Kila mmoja nilimfunga kikaratasi chenye namba, nikawatia wote kwenye ndoo ya fomalini wasioze. Fomalini ni dawa ile ile inayohifadhi maiti mochwari. Wale arobaini na mmoja ndio waliokuwa digrii yangu.

Nilirudi Mirongo jioni, nimechoka na nimenuna. Bibi alikuwa ameketi mkekani mlangoni. Nikasema shikamoo huku nikipita, sikungoja hata marahaba ikamilike. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikamwaga ile dawa shimoni, nikawaloweka samaki katika maji safi, maana walitakiwa kusuuzwa siku mbili kabla ya kutiwa kwenye spiriti. Nikafunika ndoo, nikaweka jiwe juu, nikamwambia mama mkubwa asiiguse. Bibi sikumwambia kitu. Kwetu mtu hatoki Nansio mikono mitupu, na ndoo ya samaki ikiingia kwenye nyumba yenye mzee, mzee haulizi ni ya nani. Desturi hiyo niliijua tangu sijajua kusoma, na bado nilipita.

Asubuhi mama mkubwa alikwenda kazini Butimba, mimi nikaenda mjini kutafuta spiriti. Muuzaji wa duka la dawa alitaka barua, nikamtolea barua, akataka yenye muhuri mwingine, tukagombana hadi watu wakaja kutuamua. Nilirudi mchana, nina chupa mbili na hasira yangu yote.

Ndoo ilikuwa imeoshwa, imefudikizwa ukutani.

Bibi alikuwa nyuma ya nyumba mbele ya moto wa kuni uliofifia, amewapanga furu juu ya wavu wa waya wakauke kwa moshi. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatiririka machozi, kwa sababu dawa iliyobaki ndani ya samaki ilipanda na moshi. Harufu hakuisikia. Ugoro ulikuwa umeimaliza pua yake miaka mingi nyuma.

"Ulisema wameisha," aliniambia, akicheka. "Kumbe unanitania. Halafu umewatia chumvi ya wapi, mbona wamekaza hivi?"

Dirishani palikuwa na kikombe, na ndani yake vikaratasi vyangu. Aliona nimeviangalia. "Hizo za shule nimekuwekea. Maandishi hayatupwi."

"Bibi, umekula?"

"Nianze kula wewe hujafika? Nimekuwa mlafi lini?"

Nikahesabu waliokuwa kwenye wavu. Thelathini na watatu. Nikamuuliza wengine wako wapi, akasema saba amempelekea mzazi wa nyumba ya pili, yule aliyejifungua juzi, maana supu ya furu inaleta maziwa.

Sikungoja amalize. Nilitoka mbio, na hapo katikati ya nyua mbili, mbele ya wanawake waliokuwa wakianika nguo, nikapiga kelele maneno ambayo ningetoa chochote kuyarudisha kinywani: "Msile! Samaki wa Bibi wana sumu!"

Mzazi alikuwa amekaa kitandani na bakuli mkononi. Nilimpiga mkono, supu ikamwagika ukutani. Alikuwa amekwisha kunywa vijiko viwili. Mama mkwe wake alisimama pembeni amembeba mtoto, akanitazama, akauliza polepole, "Umesema samaki wa nani?"

Hapo ndipo nilipojisikia. Wakati huo huo Bibi akatokea mlangoni nyuma yangu, anahema, kanga imemteleza begani, na yale macho mekundu. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Katika vijiji vya mkoa wetu miaka ile, kikongwe mwenye macho mekundu aliitwa mchawi na kuuawa kwa jambo moja tu la bahati mbaya kwa jirani, na Mirongo ilikuwa mjini lakini wakazi wake walitoka vijiji hivyo hivyo.

"Ni wangu," nilisema. "Ni mimi niliyewatia dawa. Bibi hakujua."

"Dawa gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini mzazi alitakiwa kwenda hospitali, na hospitali wangeuliza. "Ya kuhifadhia maiti," nikasema.

Yule mama alimfunika mtoto uso kwa kanga. "Kwa hiyo bibi yako amemlisha mkwe wangu dawa ya maiti," akasema. Hakupaza sauti, na wanawake wa kwenye kamba ya nguo walikuwa wamefika mlangoni.

Mzazi tulimpeleka hospitali. Daktari alisema vijiko viwili vya supu vile visingemdhuru, anywe maji kwa wingi na wamwangalie. Jioni nilirudi nyumbani, nikajumlisha tena. Saba na thelathini na watatu ni arobaini. Mmoja hayupo. Nilimwendea Bibi nikimwomba aseme kweli, kama amemla aseme. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Ndani mlikuwa na ugali uliopoa na furu mmoja, mkubwa kuliko wote, ametiwa chumvi.

"Huyu ni wa kwako," alisema. "Aliyeleta ndiye huanza."

Alikuwa amekaa na njaa mpaka saa nane akiningoja. Adabu yake ndiyo iliyomponya, si elimu yangu. Nililia palepale, nikamwambia, "Bibi, mimi ndiye niliyesema vile uani."

"Nilisikia," akajibu. "Ugoro nautia puani, sio masikioni."

Siku ya tatu mtoto wa jirani alishikwa na homa.

Sijawahi kuogopa vile tena, wala kabla wala baada. Nilijua wazi kwamba mtoto yule akifa, Bibi naye hana maisha. Nilikuwa nikikaa karibu na ukuta nikisikiliza kilio chake. Akilia nashukuru, akinyamaza nasimama. Wanawake waliacha kuja kuomba moto kwetu. Wanaume wawili wa ukoo wa mzazi walikuja wakasimama mbele ya mlango, hawakupiga hodi, hawakuamkia, wakaangalia tu ndani mpaka wakamwona Bibi, wakaondoka. Mama mkubwa alitaka kumpakia Bibi kwenye meli asubuhi yake arudi Ukerewe. Bibi alikataa kufunga hata kitenge kimoja.

"Nikikimbia nitakuwa nimekubali," alisema.

Kila asubuhi nilikwenda kwa jirani, nikasimama uani na kusema yale yale: samaki ni wangu, dawa ni yangu, kosa ni langu. Mama mkwe alifagia bila kuninyanyulia uso, vumbi likanifikia miguuni. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa dawa. Siku ya tano homa ilishuka. Siku ya sita sahani ya Bibi, ile aliyopelekea furu saba, ilirudishwa, imeletwa na mtoto wa shule, imeoshwa vizuri, tupu. Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza akatazama chini yake, kama vile huenda kuna kitu kimenata huko, akaenda kuiweka. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu.

Nilimwandikia mwalimu wangu kwamba vielelezo vimeharibika. Jinsi vilivyoharibika sikueleza. Akanipa miezi miwili, nikarudi kwenye miamba ile ile. Safari hii ziwa lilinibania. Furu nilipata kumi na tisa tu, na nilijua hawatoshi. Alfajiri ya kuondoka nilipata wengine wanne. Niliwashika muda mrefu, mkono mmoja karibu na ndoo ya fomalini. Mwisho niliwafunga kwenye majani ya mgomba, nikapanda nao meli nimewapakata.

Mirongo nilianzia mkekani kwa Bibi. Nilipiga goti, nikaamkia, nikangoja marahaba yote, kisha nikafungua majani. Bibi aliwagusa mmoja mmoja, akawabonyeza matumbo.

"Hawa hujawatia kitu?"

"Sijawatia kitu, Bibi."

Aliwarudisha kwenye majani. Kisha akaniambia nikalete sahani ile. "Wapeleke kwa jirani. Wapikwe kule, na ule mbele yao."

"Wote?"

"Wanne si wa kugawa."

Nilikwenda. Mama mkwe alinitazama mlangoni, akaitazama sahani, akachukua muda wa kutosha kunifukuza mara tatu. Mwisho akawasha jiko. Aliwapika yeye mwenyewe, hakuniruhusu nishike hata chumvi. Akaniwekea mmoja mbele yangu, akakaa. Nilianza na kichwa, nikamaliza na mkia, nikatafuna mpaka miiba, yeye ananiangalia koo. Nilipomaliza hakuwagusa wale watatu. Tulikaa. Mtoto aliamka, akanyonya, akalala tena, na sisi bado tumekaa. Ndipo akamwita mkwe wake, wakanawa, wakala watatu waliobaki.

Kesho yake sahani ilirudi. Aliileta yeye mwenyewe, amefunika kwa kitambaa, ndani yake michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa, bado inatoa mvuke. Alimwamkia Bibi. Bibi akaitikia marahaba, akamuuliza mtoto anaendeleaje, akajibiwa anaendelea vizuri, ananyonya.

Alipoondoka, Bibi alivuta sahani magotini, akaanza kula ile michembe polepole, kipande baada ya kipande. Akiwa katikati aliniuliza, bila kuniangalia:

"Wale furu walikuwa na mafuta?"

"Walikuwa nayo, Bibi."

Alitikisa kichwa, akachukua kipande kingine.