Chumba cha Akina Mama wa Ng'ambo ya Mto

Mwaka wa pili wa kazi yangu ya ukunga, nilibaki peke yangu katika zahanati ndogo upande wa Muthetheni. Mwenzangu alihamishwa, na aliyeahidiwa kuja hakuja.

Asubuhi moja ya mvua za Novemba, nyanya mmoja alimleta mke wa mwanawe kutoka ng'ambo ya mto, uchungu ukiwa umemshika tangu jana yake lakini maji yamewazuia kuvuka usiku. Mtoto alitoka salama, msichana, akalia kwa nguvu. Lakini kondo la nyuma halikutoka lote, na damu ikakataa kusimama. Nilimwekea dripu, nikamsugua tumbo mpaka mikono ikafa ganzi, kisha nikakimbia sokoni kutafuta gari la kumpeleka hospitali mjini Machakos. Mwenye pikapu alikubali. Tulipofika mto mkubwa wa njia ya Machakos, maji yalikuwa yamefunika daraja.

"Hapa hatupiti," dereva alisema. "Tungoje yapungue."

Tulingoja. Nyanya alikaa mbele na mtoto, mimi nyuma na mama, chini ya turubai. Mama alinishika kidole.

"Daktari, mtoto amenyonya?"

"Amenyonya," nilimwambia. Hakuwa amenyonya.

Saa sita mchana mkono wake ukakiachia kidole changu.

Nyanya alishuka, akamfunika uso kwa leso yake. Nilisema, "Mwaitu, mama yangu, nisamehe." Akajibu tu, "Turudi nyumbani." Afadhali angenitukana.

Baada ya mazishi sikuwa na wa kuzungumza naye. Sokoni walinisalimu, "Habari, daktari?" nami nikajibu nzuri, nikapita haraka.

Mvua zilizofuata zilipokaribia, niliwatangazia akina mama wa ng'ambo ya mto waje mapema, kabla maji hayajawazuia, wiki mbili kabla ya siku zao, wakae kwangu. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili, nikawapa kimoja. Wa kwanza aliletwa na nyanya yule yule.

"Huyu ni binti yangu wa mwisho," alisema. "Kaa naye."

Alijifungua salama. Wakaja wengine, msimu baada ya msimu. Walicheka kwa Kikamba jikoni mwangu, wakanisuka nywele, wakaniuliza mbona sina mtoto. Nikachochea kuni.

Kisha mvua zilikatika, wakavuka kwenda kwao, watoto mgongoni. Nilifua mashuka, nikayaanika uani. Kwa mazoea nilipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wa kutosha watu watatu, nikaula peke yangu siku mbili.