Karatasi Iliyosubiri Arubaini

Kesi yangu iliahirishwa mara sita. Mara ya kwanza hakimu alikuwa safarini Unguja. Mara ya pili jalada halikuonekana. Mara ya tatu jalada lilionekana, lakini askari aliyenikamata alikuwa kazini kwengine. Sababu nyengine nimezisahau. Ninachokikumbuka ni benchi la nje ya mahakama, lililopigwa rangi ya kijani iliyokataa kukauka sawasawa, ikawa kila nikiinuka suruali inabaki nyuma kidogo. Nilikuwa nimeshitakiwa kwa kuendesha gari ilhali leseni yangu imesimamishwa. Mimi, mwalimu wa udereva.

Niseme mimi ni nani, maana bila ya hilo msomaji hatojua nilikuwa nakaribia kupoteza nini. Nimezaliwa upande wa Gando, katika nyumba ya udongo, baba yangu mkulima wa muhogo aliyefariki mapema. Niliondoka na begi moja. Muscat nilianza kwa kuosha malori ya watu, nikawa utingo, kisha dereva, na mwisho nikakabidhiwa lori kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Nikatoka huko nikaenda Dar es Salaam kusoma diploma ya usafirishaji, katika umri ambao wenzangu wanasomesha watoto. Hakuna mjomba aliyenilipia. Hakuna mkubwa aliyeniandikia barua. Nilirudi Pemba na diploma yangu nikafungua skuli ya udereva mjini Wete, ina chumba kimoja na gari moja, na leo ukisimama njia kuu asubuhi, wengi wanaokupita na kukupigia honi kwa adabu wametoka mikononi mwangu. Sijisifu kwa uongo. Nendeni mkaulize.

Mambo yalianzia Wingwi, kwa ng'ombe. Mwanafunzi wangu, mama wa makamo, alikuwa kwenye usukani na mimi nimekaa pembeni yake. Njia za kule ni mashimo na mawe, ndiyo maana nawapeleka. Anayeimudu Wingwi anamudu popote. Ng'ombe akatokeza kwenye mihogo. Mama akakanyaga mafuta badala ya breki, na mimi nikachelewa kuvuta breki ya mkono. Ng'ombe akavunjika mguu, akachinjwa pale pale. Na mwenyewe tulisuluhishana kabla ya adhuhuri: nilimpa mtamba wangu mzuri, tukaombana radhi, tukaagana kama ndugu. Kwangu yalikuwa yamekwisha. Lakini kituo cha polisi ilikuwa imeandikwa taarifa, na taarifa ikafika kwenye ofisi ya leseni, ambako mwalimu ndiye anayehesabiwa dereva. Wakanisimamishia leseni kwa miezi mitatu. Hayo niliyajua baadaye, na kesi nzima ilikuwa juu ya hilo neno baadaye.

Kwetu karatasi ya serikali haimjii mtu moja kwa moja. Hupitia kwa sheha, mkuu wa serikali mtaani. Wetu ni mzee aliyemjua baba yangu na aliyenipiga kofi mara moja nilipokuwa mdogo, kwa haki. Mjumbe alimletea barua yangu pamoja na daftari. Daftari lilikuwa na sehemu mbili: moja sheha asaini kuwa ameipokea, nyengine mwenye barua asaini kuwa amekabidhiwa. Mzee akasaini zote mbili. Ndivyo alivyokuwa akifanya miaka yote, kwa kila mtu. Sheha ni mzazi wa shehia, na karatasi ikishakuwa kwake ni kama imeshakuwa kwako. Jioni akatoka kuniletea. Alipofika kwenye kona ya nyumba yetu alisikia kilio. Mama yangu alikuwa amefariki alasiri ile.

Akageuka na barua yake. Nyumba yenye msiba haipelekewi karatasi. Posa haipelekwi, ugomvi hausemwi, na barua ya ofisi, ambayo mara nyingi haina kheri, inasubiri mpaka arubaini isomwe. Mzee aliitia kwenye sanduku lake la nguo akafunga. Kwa siku arubaini barua ililala kwenye kanzu, na mimi nilikuwa barabarani mchana kweupe nikifundisha watu.

Siku ya hitima ya arubaini ua ulijaa. Nilikuwa nimeshika birika, nanawisha wageni. Ilipofika zamu ya sheha alinyoosha mikono akasema kwa sauti ya chini:

"Baba, una karatasi yako kwangu. Pita uichukue."

"Karatasi gani, Mzee?"

"Miye sikuifungua. Ya ofisi."

"Mambo yangu ya ofisi yanakuja ofisini kwangu, Mzee. Mjini. Wanapajua."

Alijifuta mikono akaenda kukaa. Nilikuwa nimechoka, arubaini inachosha kuliko siku ya maziko, maana siku ya maziko watu wanakubeba. Lakini nilijibu vile pia kwa sababu nina ofisi, nimeijenga mwenyewe, na sikuona kwa nini barua yangu ipitie kwenye sanduku la mtu.

Siku tisa baadaye trafiki akanisimamisha nje kidogo ya Wete. Alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe.

"Salaam aleikum, Mwalimu."

"Wa aleikum salaam. Umenenepa. Serikali inakulisha."

Alicheka, akaipokea leseni, akaangalia kwenye kimashine chake. Kicheko kikaisha.

"Mwalimu, hii imesimamishwa."

"Na nani?"

"Huu mwezi wa pili. Barua umeshakabidhiwa, hapa pameandikwa."

"Weye! Nimekufundisha kupaki, umegonga pipa lile lile mara tatu, leo unanambia miye nimesimamishwa?"

"Najua, Mwalimu. Ndiyo nakuomba ushuke polepole, watu wasione."

Niliteremka polepole. Watu waliona.

Nilipofika kwa sheha hakuniuliza kitu. Alifungua sanduku, akatoa barua, inanuka udi. Nikaisoma nimesimama. Miezi mitatu tu. Ningeipata siku ile ilipokuja, ningepumzika, ningepimwa upya, ningerudi kazini, na leo nisingekuwa na la kuandika.

Mwanasheria mmoja wa msaada wa bure alinieleza mambo yalivyo, naye alikuwa mtu wa maneno machache. Nikitiwa hatiani naweza kufungwa, na hata nikinusurika jela, leseni itachukuliwa kwa muda mrefu. Na mwalimu asiye na leseni hana skuli. Lakini nikithibitisha kuwa sikuwa na habari, sina kosa. "Kila kitu kiko kwenye kujua," alisema. Wakili sikuweka. Sheria ya barabara ninaijua kuliko mawakili wengi, nimeifanyia mtihani na nimeufaulu vizuri.

Ndipo ulipoanza mwaka wa benchi. Nilikuwa nafika saa mbili asubuhi nimevaa shati la mikono mirefu na bahasha mkononi. Saa nne karani anatoka, anaita majina ya watu wasiokuwepo. Saa sita na nusu anatoka tena, anasema shauri limeahirishwa, tunarudi. Nilifika kwa gari za watu, maana leseni ilizuiliwa mpaka kesi iishe, mimi niliyezoea kuwapakia wenzangu. Dereva mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, alikuwa akinikalisha mbele kwa heshima, kisha njia nzima ananiuliza, "Hapo nimekata kona sawasawa, Mwalimu?" Nikimjibu sawasawa. Sikuwa na nguvu za kumsahihisha.

Wanafunzi wakapungua. Wengine walikwenda Chake Chake, wengine waliacha. Yule mama wa ng'ombe ndiye pekee aliyekuwa akija kila wiki kuuliza lini tunaendelea. Niliacha kumpa tarehe. Mke wangu aliacha kuniuliza kesi imekwendaje. Nikiingia anatazama viatu vyangu, akiona vumbi la njia ya mguu anajua, anakwenda kunitilia chai.

Usiku wa kuamkia tarehe ya saba ya kesi sheha alikuja kwangu baada ya isha. Alikuwa ameitwa kuja kutoa ushahidi, kwa sababu saini iliyosema nimekabidhiwa barua ilikuwa yake. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mgeni.

"Baba, nimefikiri. Kesho nitasema nilisaini mahala pako na sikukupa."

"Ndiyo ukweli wenyewe, Mzee."

"Na nitasema siku ya hitima sikukwambia neno."

"Uliniambia."

"Nani kasikia? Miye na weye na birika."

"Utalishwa yamini, Mzee."

"Nitakula. Kosa ni langu miye. Wakikutia ndani, nikikutana na mama yako huko mbele nitamwambia nini?"

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Mwache mzee aseme alilokusudia," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kutazama viatu. Mimi sikusema ndiyo, sikusema siyo. Na kwetu anayenyamaza amekubali. Mzee akanywa chai yake akaondoka.

Siku ile, kwa mara ya kwanza, kila mtu alikuwepo. Hakimu alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo iliyokufanya uinamishe kichwa kumsikia. Sheha aliingia na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya siku za sikukuu. Akapewa msahafu. Aliushika kwa mikono miwili, akaapa. Mwendesha mashtaka akamwonesha daftari, akauliza saini hizi mbili ni za nani.

"Zangu miye."

"Hii ya pili ni ya mwenye barua. Kwa nini umesaini wewe?"

"Siku zote nasaini miye."

"Kwa hiyo ulimkabidhi barua?"

"Sikumkabidhi. Nyumba ina maiti, miye nipeleke karatasi? Ungepeleka weye?"

Watu walicheka. Hakimu akaacha wacheke kidogo, kisha akanyanyua kalamu. Kesi ilikuwa inageuka upande wangu, nilikuwa naiona inageuka kama unavyoona gari linapokubali gia.

"Sawa," mwendesha mashtaka akasema. "Hukumpa. Lakini uliwahi kumwambia, kwa mdomo tu, kwamba ipo?"

Msahafu ulikuwa umewekwa mbele ya mzee na mkono wake ulikuwa umeufuata, umelala pembeni yake. Ni mkono mkubwa, wa mtu aliyelima. Aliuangalia. Mwendesha mashtaka akarudia swali. Mzee akafumba mdomo, akaufumbua, na mimi nikajikuta nimesimama.

"Mheshimiwa, aliniambia."

"Mshitakiwa, kaa. Zamu yako itafika."

"Aliniambia siku ya arubaini, siku tisa kabla sijakamatwa. Aliniambia ni karatasi ya ofisi, nipite nikaichukue. Nilikataa."

Mwendesha mashtaka alinitazama kama mtu aliyesaidiwa kubeba mzigo bila ya kuomba msaada.

Watu wamenisifu sana kwa siku ile, msikitini na mabarazani, na sikuwazuia. Lakini nataka kuandika sawa. Haukuwa uchaji Mungu mtupu. Nilikuwa nimechoka: kusubiri mahakama nilikwishazoea, lakini kumsubiri mzee yule aseme uongo kulinishinda. Na tena, mimi sikuvuka bahari, nikalala chini ya malori ya watu, nikasoma diploma kwa jasho langu, ili mwisho nije kujificha nyuma ya kanzu ya mtu mwengine.

Hakimu alisoma hukumu siku ile ile, jambo lililowashangaza hata makarani. Alisema saini ya sheha si saini yangu, na siku zote arubaini nilizoendesha sina lawama. Lakini mtu aliyeambiwa ana karatasi ya ofisi, akakataa kwenda kuitazama, hawezi kusema hakujua, amechagua kutojua. Akanitia hatiani. Kwa kuwa nimesema ukweli bila ya kulazimishwa, hakunifunga. Leseni ikachukuliwa kwa mwaka mzima, kuanzia siku ile.

Nje nilitaraji mzee anipe mkono. Alikuwa amekasirika.

"Umeniaibisha."

"Nimekuaibisha vipi, Mzee? Nimekuokoa na yamini ya uongo."

"Uongo gani? Nimesema uongo miye?"

"Bado ulikuwa hujasema."

"Ehe! Nilikuwa nafikiri. Ntu haachiwi kufikiri? Weye una haraka kama gari zako."

"Ulikuwa unafikiri kusema nini?"

Aliivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Sijui. Hukuniacha nikajua."

Tuliondoka pamoja hadi kituo cha gari. Alipopanda alinishikia nafasi kwa bakora yake, nikakaa.

Sasa ni mwezi wa tano. Ofisi sijaifunga. Sheria imenikataza usukani, haikunikataza ubao, kwa hiyo nafundisha alama za barabarani na kanuni zake, asubuhi mpaka adhuhuri, kwa wanafunzi wanne. Yule mama wa ng'ombe ni mmoja wao, na anazijua alama zote kuliko trafiki. Gari liko uani chini ya turubai. Kila Ijumaa kabla ya sala nalifunua, naingia, naliwasha lisife betri, nalisikiliza linavyounguruma. Silisogezi hata hatua moja. Mke wangu anatoka na ndoo ya nguo, anaanika, anasubiri nizime ndipo aseme chakula kiko tayari.

Imebaki miezi saba. Nikizima, mikono yangu inabaki kwenye usukani kidogo, kisha naiondoa, nafunika gari, nakwenda kutawadha.