Begi Nililofunga Kwenda Rumonge

Mwanangu Mariamu, begi lako nimeliona. Liko chini ya kitanda, upande wa ukuta, umelitupia shuka juu ili nisilione. Usiamke, lala hivyo hivyo kwa ubavu. Sikuja kukugombeza. Nimekuja na uji, na nimekuja na habari ambayo hata mumeo Shabani, mtoto niliyemzaa mwenyewe, haijui yote. Anajua alikuwa na dada. Nilichokifanya mimi hakijui, maana kila nilipotaka kumwambia, niliishia kuzungumza mengine.

Na mimi niliwahi kufunga begi. Nakumbuka ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, hapa hapa Bwiza, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya gereji ya baba mkwe wako, Juma, Mungu amrehemu. Nilikuwa na miaka ishirini, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa na miezi saba na nusu. Begi lilikuwa la bluu, zipu imeharibika, nikalikaza kwa kipande cha kitenge. Ndani niliweka nguo sita za mtoto, sabuni, na kofia mbili za sufi alizofuma mama yangu.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeona damu. Sikuumwa popote, mwanangu, na hilo ndilo balaa lake. Nilikuwa nimekaa nachagua mchele, nikahisi maji, kuangalia, ni damu nyekundu kabisa, mbichi. Mama mkwe wangu aliita teksi palepale. Kule hospitali walinitazama tumbo kwa ekografi, ile mashine ya kumwona mtoto tumboni, kitu kigeni kwetu siku hizo, na daktari akasema maneno yale yale uliyoambiwa wewe juzi. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Mtoto mwenyewe mzima, lakini hawezi kupita hapo bila mama kumwaga damu. Nisibebe ndoo, nisilale na mume, nisipande gari la safari, nisiwe mbali na hospitali, na nikiona damu hata tone moja nije haraka. Siku ikifika watanipasua wamtoe. Walinilaza siku nne, damu ikakata, wakaniruhusu kurudi nyumbani.

Nilitoka pale nikilia. Unajua nililia nini? Wallahi sikumlilia mtoto. Nililia kwamba nitazalia ukweni.

Wewe umekulia Muyinga, huhitaji kufundishwa. Kwetu binti mwenye mimba ya kwanza anarudi kwa mama yake. Mama ndiye anayempokea, ndiye anayemwogesha maji ya moto, ndiye anayempikia uji wa pilipili manga mpaka siku arobaini ziishe. Binti akizalia ukweni, majirani wa kwao wanaanza kuulizana: kwani mama yake amekufa? Au wamegombana? Mama yangu alikuwa mjane kule Rumonge, na binti yake nilikuwa mimi peke yangu. Alikuwa ameshapaka chumba chokaa. Alikuwa ameshatangazia mtaa mzima kwamba nakuja.

Halafu kulikuwa na mama mkwe. Mwanamke mkavu yule, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko sokoni, maneno yake ya kuhesabu. Nitakuambia ukweli, sikumpenda. Niliona anataka kunitia mkononi, mimi na mtoto wangu. Siku tuliyotoka hospitali aliniketisha akaniambia:

"Mwite mama yako aje hapa. Atalala ku kitanda yangu, mi nitalala chini. Lakini we hauendi."

"Nizalie hapa kama mtu asiye na kwao?" nikamjibu, na sauti nikampandishia.

"Utazalia karibu na dokteri. Mutoto hajui kwao ni wapi."

Nikanuna siku tatu. Chakula chake nikawa naacha kwenye sahani.

Basi sikiliza kosa langu, Mariamu, na usikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Siku ya Jumatano, siku moja kabla ya ile Alhamisi, niliamka nikakuta doa kwenye nguo. Dogo, kama kifungo cha shati. Nilijua ni nini. Nilijua pia nikisema watanirudisha kitandani hospitalini, na Rumonge ndiyo basi tena. Nikaifua ile nguo haraka haraka, nikaianika ndani, nyuma ya mlango. Mama mkwe alipokuwa anajifunga kitenge chake aende sokoni, aliniuliza kama alivyoniuliza kila asubuhi:

"Damu?"

Nikamtazama usoni. "Imekauka, Mama. Tangu siku ile sijaona kitu."

Akasema alhamdulillahi, akaenda zake.

Jioni nikamshika Juma. Juma alikuwa mtu laini, machozi ya mwanamke yalikuwa yanammaliza. Nikamwambia siku mbili tu, nikamwone mama, nirudi. Siku mbili tu! Ndivyo ulivyomwambia Shabani juzi, nilikusikia dirishani. Juma akauliza kuhusu damu, nikampa jibu lile lile. Asubuhi ya Alhamisi, mama yake alipokwisha kwenda sokoni, alinisindikiza stendi, akaniombea kiti cha mbele karibu na dereva ili nisitikiswe sana. Masikini Juma. Kiti kile alikiombea kwa wema, na mpaka anakufa alikuwa hapendi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote.

Barabara ilikuwa mbovu. Tulipita Kabezi mtoto anacheza tumboni, nakumbuka nilicheka, nikajisemea, unaona, naye anafurahi kwenda kwa bibi yake. Tulipokaribia Magara nikahisi joto mapajani. Aliyepiga kelele si mimi, ni mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, aliyeiona damu inashuka kwenye sakafu ya gari. Dereva akageuza gari na abiria wake wote ndani. Hakuna aliyenung'unika, hata mmoja. Mwanamke yule alivua kitenge alichojifunga juu ya gauni akanikunjia chini yangu, akanishika kichwa, akawa anasoma sala za kikristo, na mimi nasoma za kwetu. Nilikuwa nikimsikiliza mtoto. Alicheza kidogo, kidogo tena. Kurudi Kabezi sikumsikia.

Walinifikisha hospitali ile ile ya kwanza, wakanipasua. Alikuwa msichana. Wananiambia alilia mara moja, mimi nilikuwa nimelazwa kwa dawa sikusikia, na kilio hicho hicho kimoja nimekisaka kichwani miaka yote hii. Aliishi kuanzia adhuhuri mpaka karibu na magharibi. Mama mkwe alifika mbio kutoka sokoni, mikono bado inanuka ndagala, wakamtoa damu wakanitia mimi, maana damu zetu zilipatana. Halafu akaenda kukaa na mtoto. Akamvalisha kofia moja katika zile mbili. Akampa jina, Safia. Ni jina la mama yangu, Mariamu. Mimi nisiyempenda, nisiyekula chakula chake, mtoto wangu akampa jina la mama yangu, si lake.

Alipokufa alimwosha yeye. Walimzika mimi sijainua hata kichwa kwenye mto. Mama yangu alifika kutoka Rumonge wameshamaliza, akaletwa hapa nyumbani, akalala kwenye kitanda cha mama mkwe. Kitanda kile kile nilichokikataa. Na mama mkwe akalala chini kwenye mkeka, siku arobaini zote, kama alivyosema.

Siku hizo arobaini hakunitamkia neno baya. Ingekuwa afadhali angenipiga. Siku mama alipoondoka sikuweza tena kuvumilia, nikamkuta mama mkwe uani anapepeta ndagala, nikamwambia, "Mama, nitukane tu."

Hakuacha kupepeta. "Nikutukane nini? Binti kumutaka mama yake, hiyo si zambi. Mi sina hasira sababu ulienda." Hapo ndipo akaweka ungo chini. "Nina hasira sababu nilikuuliza, ukaniambia imekauka. Asubuhi ile mi nilikuwa na miguu ya kukimbia, nilikuwa na damu mu mwili. Vyote nilikuwa navyo. We ukaniachia kazi moja tu, ya kumuosha."

Mwanangu, nina mvi kichwa kizima sasa, na maneno yale bado nayasikia kila nikiona ungo.

Sikuambii kwamba ningetulia Safia angeishi. Daktari mwenyewe hakuniapia. Na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba sijui, na sitajua. Ningesema kweli, leo ningekuwa nalia kwa yaliyoandikwa na Mungu. Badala yake nalilia ulimi wangu mwenyewe.

Basi na wewe usijilaumu kwa kilichokupata. Hukunyanyua kitu kizito, hukula kitu kibaya, na hao wanaonong'ona uani kwamba umerogwa, nitawafukuza mimi. Kondo limekaa pale lilipokaa, basi. Wengine wakikutwa nalo mapema, tumbo likikua linapanda juu lenyewe. Lako bado limeziba na miezi imekwenda, kwa hiyo tutafuata la daktari. Akija mtu, hata awe shangazi yako, anataka kukukanda tumbo, mwambie mama mkwe kakataza, nitukanwe mimi. Kupasuliwa usikuonee aibu. Shabani alitoka kwa njia hiyo hiyo, na ile kofia ya pili aliivaa yeye, na mtu aliyeshona tumbo langu sijawahi kuulizwa jina lake na jirani yeyote. Ukitaka kulia, lia. Ukiniona mimi ni mkavu, nichukie, nitavumilia. Ila usinifiche damu. Hilo tu ndilo ninalokuomba hapa duniani, usinifiche damu.

Begi lako sikulifungua. Nitalitoa huko chini nilisogeze karibu na mlango, maana litatufaa siku ya kwenda hospitali. Shabani ameshaongea na mwenye teksi wa jirani, na kaka zako wawili wameshakwenda kupimwa damu, ili wakutolee ikihitajika. Na jana nilimpigia mama yako simu. Alilia, akasema watu wa Muyinga watasema nini. Nikamwambia waje wamuulize Mama Shabani. Mama yako yuko njiani tangu asubuhi. Chumba changu nimeshakihama, atalala kitandani kwangu, mimi mkeka ninao.

Mungu akulinde wewe na huyo aliyemo ndani. Amfungulie njia salama, hata kama ni kwa mkono wa daktari. Akupe kumsikia akilia mara ya kwanza, na ya pili, na akuchoshe kwa vilio vyake mpaka uje kunigongea mlango unaomba msaada. Amina.

Sasa kunywa uji, haujapoa sana. Na nitazame usoni, mwanangu, unijibu. Leo damu?