Mzee Boshori wa Mutuini

Wacha niwaambie aibu yangu, lakini msicheke sana. Mjukuu wangu Nekesa aliniuliza, "Shosho, hii kofia ya sufu mbona inaitwa boshori?" Mimi nilifika darasa la pili tu, lakini niambie mtoto sijui? Aka! Nikasema kulikuwa na mzee hapa Mutuini anaitwa Boshori. Asubuhi akikamua ng'ombe baridi inamkata masikio, siku moja akavaa soksi kwa kichwa, ndio kofia ikapewa jina lake. Nekesa alivyofurahi, nikaongeza chumvi: alikuwa jirani yangu kabisa.

Kumbe aliambia darasa yote! Juzi nasikia hodi, ni mwalimu na watoto wamejaa kwa geti.

"Shosho, tumekuja kuona boma ya Mzee Boshori."

Nekesa amenishika mkono, anaringa kama chifu. Nikaonyesha kidole ng'ambo, hivyo hivyo tu. Jirani yangu Mama Njoroge akatokea huko na karai ya nguo, mwalimu akamuuliza kama ni hapo kwa Mzee Boshori.

"Mzee nani? Mimi si nimezaliwa hapa!"

Watoto wote wakanigeukia. Nekesa akamkaripia, "Wewe umesahau! Shosho yangu hawezi danganya."

Woi, hiyo ndio ilinimaliza. "Mwalimu," nikasema, "huyo mzee nilimtunga mimi."