Baba na Picha Zilizoshuka Chini

Harufu ya girisi ilitangulia kuingia, kisha baba. Alikuwa dereva wa lori la kampuni moja ya eneo la viwanda, na hata anawe vipi, vidole vyake viliacha alama kwenye kila karatasi aliyoishika. Nyumbani kwetu, mtaa wa Umoja, karatasi hizo zilikuwa magazeti aliyopewa ofisini wakubwa wakishamaliza kuyasoma. Baba aliyasoma yote, hadi matangazo ya vifo, na majirani wakamwita Mwalimu ingawa shule aliiacha mapema. Jina hilo nililionea fahari kuliko yeye mwenyewe.

Likizo moja ya Agosti nilileta kutoka maktaba ya kanisa kitabu cha picha: hadithi ya kale ya kisayansi iliyochorwa upya kwa ajili ya watoto. Ilihusu fundi aliyeunda mashine ya kwenda siku zijazo. Kiingereza chake kilinishinda, basi baba akanisomea kwa Kiswahili, kidole kikishuka kutoka picha ya juu hadi ya chini, kisha kikirudi juu kuanza safu ya pili, vile vile alivyosoma gazeti. Hivyo fundi wetu alirudi na mvi kabla hajaondoka. Tayari alijua kwamba mji wa siku zijazo umekufa, na bado akapanda mashine yake. "Huyo ni mwanamume," baba alisema. "Anajua kinachomngoja na bado anaenda." Sikuona kasoro yoyote. Hadithi yenyewe ni ya kuchezea wakati, nani angeshangaa ikienda kinyumenyume?

Jumamosi ya mwisho wa likizo, watoto tulisimulia vitabu vyetu mbele ya wazazi katika ukumbi wa kanisa. Baba alivaa koti la Jumapili, akaketi mbele kabisa. Nilipofika pale fundi anaporudi na mvi, vicheko vikaanza. "Zii! Huyu ameanza na mwisho!" mvulana mmoja akapaza sauti. Msimamizi wa maktaba, mama mpole, akafungua kitabu akanionyesha kwamba picha zile husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, ndipo ushuke. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baba akasimama. "Msimcheke mtoto. Ni mimi nilimsomea hivyo." Uso ulinichoma. Nilimwonea aibu Mwalimu wangu, na papo hapo nikajionea aibu kwa kumwonea aibu.

"Kuteleza si kuanguka," mama alimwambia baba jioni. Nilipomletea kitabu kingine, alinirudishia taratibu, akiniita mama kama alivyozoea kumwita binti yake. "Soma mwenyewe, mama. Wewe ndio unaenda shule." Hakunisomea tena.

Siku hizi vitabu vya aina hiyo vimejaa hata kwenye simu, na wanangu huvimaliza chapuchapu bila kumngoja mtu. Kile cha fundi nimeshakisoma kwa mpangilio wake. Fundi yule hana ujasiri wowote. Anaenda kwa sababu hajui. Majuto ni mjukuu, na wajukuu wa baba walikuwa wameketi sakafuni mwezi uliopita nilipomwomba baba awasimulie hadithi ile kama alivyonisimulia mimi. Baba alitabasamu, akatikisa kichwa.

"Si hiyo niliikosea, mama?" akasema. "Wacha wasome wenyewe, wasije wakachekwa kama wewe."