Petroli Juu ya Meza ya Chakula

Tulipokuwa tukiishi mtaa wa Kawangware 56, mume wangu alikuwa akipanua nozeli za magari, vile vifaa vya kurushia petroli ndani ya injini, juu ya meza tuliyolia chakula. Gereji ina vumbi, alisema, na chembe moja ya mchanga huharibu kazi yote. Basi mlango ufungwe, vumbi libaki nje, na sisi tuvute petroli. Niliogopa kila siku. Yeye aliniita mwoga, tena mbele ya wateja.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mteja wake, muuza makaa wa Silanga, alitaka gari lake kuukuu lipande mlima kwa kasi, sijui akimkimbia nani. Mume wangu alikuwa amevipanua vitundu vya ncha ya kila nozeli ili petroli imwagike kwa wingi. Sasa alikuwa akizijaribu: anagusisha nyaya kwenye betri, nozeli inalia, petroli inaruka kama ukungu ndani ya chupa ya glasi. Si yote iliyoingia chupani. Nyingine ilibaki hewani ikituwasha macho. Mtoto wetu alikuwa amelala nyuma ya pazia.

"Baba, fungua mlango kidogo," nilimwambia mume wangu.

"Tulia bana. Hii ni ya mwisho."

Ndipo nikasikia kandambili za jirani yetu, mama mmoja wa Kitui, zikija koridoni. Kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, siku ya mvua, aliyewasha jiko kwanza huwagawia wenzake makaa mekundu, wala hangoji kuombwa. Hodi husemwa mguu ukiwa tayari ndani.

"Hodi! Nimekuletea moto. Nimeona leo hujawasha jiko."

Nikajitupa mlangoni. Akasukuma, akidhani mbao zimevimba kwa mvua. Mlango ukaacha upenyo wa kidole, nikayaona makaa yakiwaka juu ya kifuniko cha sufuria. Miguu yangu ilikuwa ikiteleza. Nyuma yangu yule jasiri wangu alikuwa ameganda, nyaya mkononi.

"Usiingie!" nikapiga kelele. "Kuna petroli! Kuna petroli!"

Alirudi nyuma mbio. Nikayasikia makaa yakimwagwa mtaroni na kuzimika kwenye maji.

"Ngai! Na mtoto ako wapi?"

Nilimnyakua mtoto kitandani, nikamfunga kwa leso, nikavuka hadi chumbani kwa jirani. Alinivutia kigoda karibu na jiko lake.

"Keti hapa uote moto. Pole, mama."

Niliinama nikae, pua yangu ikagusa nywele za mtoto. Zilinuka petroli. Sweta lake pia, na leso, na mikono yangu. Nikamkumbatia, nikatoka naye nje, mbali na lile jiko, nikasimama kwenye mvua.